Kisima Kilichochimbwa Kwenye Ngitili Yako

Baba yangu Maduhu,

Mwangaluka, baba. Najua ungeniitikia taratibu, ukaulizia nyumba, kazi, mvua na afya ya kila mtu tunayemfahamu, ndipo uniruhusu niseme lililonileta. Leo sina subira hiyo. Juzi nilikwenda Sola kwa Mzee Luhende, yule mliyekaa naye kambi moja kule malishoni kabla hujafariki, na tangu nirudi hapa Bariadi chakula hakipiti. Kuna jambo nimelifanya linalohusu jina lako, na sitaki ulisikie kwa mwingine. Ila nikianzia Sola nitaonekana nimekurupuka, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka siku niliyoingia nyumbani Sapiwi nimevaa buti za kazini na kizibao chenye mistari inayong'aa? Ulinitazama juu hadi chini ukauliza, "Siku hizi wanafagia barabara kwa shahada?" Nikakueleza kwamba nimeajiriwa na kampuni inayotafuta mafuta ardhini, na kwamba kazi yenyewe imenileta kwetu. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Yaani nimeuza ng'ombe ukasome mpaka Dar es Salaam, halafu unarudi kunichimbia nyuma ya zizi!" Ulicheka, lakini kesho yake nilikusikia kisimani ukimweleza kila aliyekuja na ndoo kwamba binti yako ndiye mtaalamu wa miamba, wengine wote ni madereva. Nilijificha kwa aibu, maana mle kambini mimi nilikuwa mdogo kuliko wote.

Na huo utaalamu ulikuwa wako kabla haujawa wangu. Mama alipofariki nikiwa darasa la tano, ulianza kunichukua machungani siku za mapumziko ili nisibaki nyumbani peke yangu nikilia. Huko ndiko ulikonifundisha kwamba luseni ni ule udongo wa mchanga, mvua ikikatika unapita siku hiyohiyo. Kwamba ibambasi ni ule mgumu unaovunja jembe. Kwamba mbuga nyeusi ikilowa inakuvua viatu na haikurudishii. Ulikuwa unachukua udongo kidogo unaonja kwa ncha ya ulimi, ukitafuta chumvi ya ng'ombe kulamba. Chuoni nilimwona mwalimu wetu akilamba jiwe mbele ya darasa, wenzangu wakashangaa, mimi nikasikia hamu ya nyumbani.

Sasa nije kwenye ngitili. Mashine za kupima mitetemo zilikuwa zimeonyesha kwamba chini ya kijiji chetu kuna mwamba uliojikunja, na kwamba kama mafuta yapo, hapo ndipo yangenaswa. Mtambo ungeweza kusogezwa kidogo huku au kule. Huku kulikuwa na mashamba ya pamba ya majirani, tayari yameota. Kule kulikuwa na ngitili yako, nyasi ulizozifunga tangu mvua za kwanza, zisikanyagwe na kwato hata moja mpaka kiangazi kiwe kikali, ndipo ufungue kwa ndama na kwa ng'ombe waliochoka. Kila mfugaji kwetu anajua kwamba nyasi hizo ndizo zinazowavusha mwaka. Lakini mthamini aliyetumwa alikuja na fomu yake. Fomu ilikuwa na nafasi ya nyumba, ya mazao, ya miti na ya makaburi. Akazunguka, akaona majani tu, akaandika: eneo wazi, halina maendelezo.

Nilikuwa nimesimama pembeni yake, nikamwambia, "Hapa ni ngitili." Akaniuliza aiandike kwenye nafasi ipi. Nikaitazama ile fomu, nikanyamaza. Baba, nimesoma miaka mingi, na siku hiyo nilishindwa kumwambia mtu mmoja achore mstari mwingine kwenye karatasi. Mimi ndiye niliyejua zile nyasi ni nini, na mimi ndiye niliyeweka sahihi kama shahidi.

Wewe hukuisoma. Uliniuliza mimi tu, "Mtaondoka lini?" Nikakujibu bila kupepesa macho, "Pamba ikianza kuuzwa tutakuwa tumeshaondoka, na nusu ya nyasi hatutaigusa." Jirani yetu mmoja akakuonya kwamba kufungua ngitili wakati wa masika ni sawa na kula mbegu. Ukamjibu, "Anayefungua ni mwanangu." Kisha ukatia sahihi. Ulisaini kwa neno langu, baba, wala si kwa fomu yao.

Tulianza vibaya. Malori ya mtambo yalikuja mvua ikiwa bado inanyesha, na wewe ulikuja kambini na fimbo yako ukatuambia tuzunguke kwa juu, kwenye luseni, hata kama ni mbali. Meneja wetu alikuwa na ramani inayoonyesha njia fupi. Nikakutafsiria maneno yake kwa Kisukuma, ukaitika kwa heshima, ukaenda kukaa kwenye kichuguu kusubiri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lori la kwanza lilizama mpaka kwenye ekseli, la pili likazama likijaribu kulivuta la kwanza, na gari la meneja likazama likienda kuangalia. Ukaja na maksai wako wanne, ukalivuta lile gari dogo likatoka, ukampa meneja mkono uliojaa tope na kumwambia, "Wabeja, asante. Kesho pitia juu." Malori yenyewe yalikaa pale mpaka ardhi ilipokauka. Tulicheka sana siku ile. Sikujua kwamba tulikuwa tunacheka siku zako za kiangazi zikiondoka.

Kuchoronga kulipoanza, mambo yalikwenda vizuri mno. Kekee ilishuka siku baada ya siku bila tatizo, na kazi yangu ilikuwa kukinga vile vipande vya mwamba vinavyoletwa juu na tope, kuviosha kwenye chekecheo, kuviangalia kwa lenzi na kuvifunga kwenye mifuko. Ulikuja siku moja, wakakuvisha kofia ngumu juu ya ile yako ya pama kwa sababu ulikataa kuivua. Nilikuonyesha chekecheo. Nikakueleza kwamba vipande ninavyovishika vilikatwa muda mrefu uliopita, vimekuwa vikipanda njiani, na kekee yenyewe saa hii iko mbali zaidi chini. Ulifikiri kidogo ukasema, "Kwa hiyo wewe kila siku unasoma barua ya jana." Ukachukua kipande, ukakilamba mbele ya wageni wote, ukatangaza kwamba kina chumvi na ng'ombe wangekipenda. Meneja alitaka kujua umesema nini. Nilipomtafsiria, na yeye akalamba.

Kisha mwamba ukabadilika. Tulifika mahali penye nyufa, na tope lote tulilolisukuma chini likawa linapotelea humo. Mchana kutwa tunamimina, hakirudi kitu. Tulipoziba nyufa kwa saruji, bomba likanasa. Walilivuta, wakalizungusha, wakalibembeleza, halikutoka, na kipande chake cha mwisho pamoja na kekee vikabaki huko chini. Ikabidi tusubiri vifaa kutoka nje ya nchi ili tuchepushe kisima tupite pembeni. Ukiniuliza habari za kazi nilikuwa nakujibu, "Tunaendelea." Hukuwahi kunidadisi zaidi.

Tukiwa tunasubiri, uzio ukaongezwa. Mtu wa usalama alisema hakuna mnyama anayeruhusiwa kukaribia, kwa hiyo waya ukazunguka ngitili nzima, pamoja na ile nusu niliyokuahidi. Nilikwenda kumwona. Akanionyesha kanuni, na kanuni ilikuwa sahihi, maana gesi ikitoka ghafla haichagui mtu wala ng'ombe. Nilirudi kukueleza, nikakukuta unakula matobolwa ya viazi kibarazani. Ulinisogezea sahani. Ukasema, "Kula kwanza, mayu." Uliniita hivyo, yaani mama, tangu mama aondoke, kwa sababu nilirithi jina la mama yako. Nilikula, na sikukueleza kitu, na wewe ulikuwa umeshauona waya kwa macho yako.

Pamba ikaanza kuuzwa. Matrekta yakapita yamejaza, yakielekea Maswa kwenye viwanda vya kuchambulia, na sisi bado tulikuwa palepale. Ikaisha kuuzwa. Nyasi za nje ya uzio zikageuka vumbi, na za ndani zikakanyagwa na magari, zikamwagiwa kokoto, nyingine zikasimama tu zimekauka bila mdomo wa kuzila. Ndama wawili wakafa. Wewe ukaamua kuhamisha ng'ombe kuelekea upande wa Meatu, pamoja na kaka Shija, kwa umri wako ule na kile kifua chako. Asubuhi mliyoondoka ulipitia getini. Mlinzi aliniita. Nilitarajia, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba ungenigombeza, na kusema kweli nilitamani unigombeze. Uliniuliza tu kama chakula cha kambini kina mboga za majani. Ukanipa kifuko cha nsansa ulizozikausha mwenyewe, ukaondoka ukiwafuata ng'ombe.

Ulikuwa unanipigia simu kutoka juu ya kichuguu, ndiko mlikopata mtandao. "Halo! Kabula! Sema kwa nguvu, niko juu!" Na kuna siku nilikuwa na la kusema. Tulikuwa tumefika kwenye ule mwamba tulioutafuta, nikaweka vipande chini ya taa maalumu, vikang'aa manjano. Gesi nayo ikapanda kwenye vipimo. Watu wazima walikumbatiana, baba, na mimi nikakimbilia simu. Nikakuambia, "Tumeona dalili." Nilihakikisha nimeongeza, "Lakini dalili si mafuta, tusubiri vipimo." Ukasema, "Hata mvua huanza na dalili." Nilisikia ukicheka, na upepo ukipiga kwenye simu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kinywani mwako.

Siku chache baadaye Shija akapiga, mchana, nikiwa naosha sampuli. "Baba kifua kimembana. Anakuulizia." Nikamuuliza kwa nini hajampeleka zahanati. Akasema, "Hataki pikipiki. Anasema Kabula ana gari, anakusubiri."

Nilikuwa na gari. Naomba hili lisipite kimyakimya. Sikumwomba meneja ruhusa akaninyima, wala hakuna aliyenishika mkono. Tulikuwa tumebakiza kipande kidogo cha mwamba ule, na nilitaka vipande vya mwisho vipite mikononi mwangu. Nilitaka kuja kwako na jibu. Niliona nikija bila jibu nitakuwa nimechukua nyasi zako bure, na nikija nalo nitakutazama usoni. Nikamwambia Shija, "Mwambie keshokutwa." Kesho yake alikupakia kwenye pikipiki kwa nguvu, akakufunga mgongoni mwa dereva kwa shuka. Ulifika zahanati. Keshokutwa mchana, nikiwa njiani ninakuja na lile gari, simu ikalia, nikajua kabla sijapokea.

Tulikuzika nyumbani, jirani na mama. Baadhi ya wazee mliokuwa nao kambi ya malishoni walikuja, wengine nilikuwa siwajui, na wawili au watatu walinishika mkono kwa mikono yote miwili wakaniambia, "Hongera, binti." Nilidhani wananipa hongera za masomo. Nilikuwa nimechoka, sikuuliza.

Baada ya matanga vipimo vikashushwa kisimani. Ngoja nikueleze kama ulivyopenda kuelezwa, bila kuzunguka. Mafuta yalikuwepo zamani sana. Yalipita kwenye ule mwamba, yakaacha madoa, yakaenda zake. Mwamba wenyewe ni mgumu, hauna nafasi za kuyashika. Kile kilichong'aa chini ya taa yangu kilikuwa alama ya kitu kilichokwisha kuondoka. Meneja alisema hata kisima kikavu kinafundisha, na ni kweli, tumejifunza mengi ambayo yatatusaidia kwenye kisima cha pili. Kisha wakaziba shimo kwa saruji, wakasimika bomba fupi lenye namba, mtambo ukafunguliwa vipande vipande, ukaondoka kwa njia ya juu, kwenye luseni. Uzio wamekwisha kuutoa. Pale palipomwagwa kokoto hapajaota kitu mpaka leo.

Sasa ndipo nifike Sola. Kisima cha pili kimepangwa huko, na mashine zimeonyesha mahali, na mahali penyewe pana ngitili ya Mzee Luhende. Meneja alinituma mimi, kwa sababu mimi nazungumza lugha yao na mimi ni mtoto wa mfugaji. Safari hii nilipigania ile fomu mpaka ikaongezwa nafasi ya ngitili. Nilijiona nimefanya kazi kubwa. Nikaichukua, nikaenda.

Mzee alinipokea kama mtoto wake. Hakutaka hata kuiona karatasi. "Wewe ndiye Kabula wa Maduhu? Kaa, mayu, kaa! Baba yako alitusimulia. Siku ile alishuka kwenye kichuguu anacheza kabisa, akasema, 'Mwanangu kayapata mafuta! Ngitili yangu imezaa!' Tukanywa maziwa yote ya siku hiyo. Kila mgeni aliyepita kambini ilibidi aambiwe." Akamwita mke wake aje anione. Kisha akasema, "Nipe niweke sahihi. Kama ya Maduhu ilizaa, na yangu itazaa."

Wewe, baba! Wewe ambaye ukipeleka ng'ombe mnadani ulikuwa unamwambia mnunuzi mwenyewe kwamba huyu anarusha mateke, na huyu akikamuliwa na mgeni anabana maziwa. Shija alikuwa anakasirika, unampa mteja sababu ya kukimbia. Katika maisha yako yote sijui uongo mwingine ulioutamka, na huo mmoja uliusema kwa ajili yangu. Nilikupa dalili, ukazigeuza mafuta mwenyewe kwa mapenzi. Au labda ulikuwa unawajibu wale waliokuambia umekula mbegu. Sitajua.

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Ningenyamaza tu. Mara ya kwanza nilinyamaza na hakuna aliyeniuliza. Ningenyamaza, ungebaki kule kambini kama ulivyojiacha, mtu ambaye ngitili yake ilizaa. Nikamwambia, "Mzee, subiri. Kisima kile kilikuwa kikavu."

Akanitazama. "Kikavu vipi, na Maduhu alisema?"

"Hatukupata mafuta, mzee. Tuliona dalili tu, na nilimwambia ni dalili. Tuliahidi kuondoka mapema, hatukuondoka. Ndiyo maana alikuja huko kwenu na ng'ombe."

Mke wake akarudi ndani. Kisha mzee akauliza, "Na nyasi zake zimerudi?"

"Hazijarudi."

Akaweka kalamu juu ya fomu, akanirudishia vyote viwili kwa mkono wa kulia, kwa adabu. "Basi Maduhu alitudanganya," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepokea habari ya msiba mwingine.

Nilitaka kumwomba asiwaambie wenzake. Neno lilifika mdomoni. Lakini wengi wao wana ngitili, baba, na huenda kesho yao ni hiyohiyo, kwa hiyo sikumwomba. Akanisindikiza mpaka kwenye gari, akanifungia mlango. Meneja bado sijamwambia kwa nini nimerudi bila sahihi. Hilo ni dogo, nitalimaliza kesho ofisini.

Hili lako ndilo lisilo na ofisi. Nimekukumbuka sana, baba, nakukumbuka mpaka mikono inaniuma, na nimekuvunjia heshima mbele ya watu wa mwisho waliokula nawe. Kiangazi kikija watakaa tena kule malishoni, watakutaja, maana ulikuwa mtu wa kutajwa. Walikuwa wanajua una binti aliyepata mafuta. Sasa watabaki na walichojionea wenyewe: una binti aliyekuwa na gari, akachelewa.

Pumzika, baba.

Kitindamimba wako,
Kabula